Nimeachiwa Cub Cadet 100 ya zamani, injini imejam. Nianzie wapi?

Jembe Butu

Habari za muda huu wakuu.

Kuna trekta dogo la bustani nimeachiwa na mtu aliyekuwa anahama. Limekaa bandani miaka mingi, nusu ya boneti imefunikwa na kinyesi cha popo. Rangi ni njano na nyeupe, na kitabu nilichokuta chini ya kiti kinasema ni Cub Cadet 100 ya International Harvester. Kibati cha injini kinasomeka K241A.

Hali yake ni hii: injini haizunguki hata kidogo. Tangi linanuka kama vanishi. Tairi za mbele zimepasukapasuka, za nyuma bado zinashika upepo. Usukani unazunguka robo mduara bure kabla magurudumu hayajaitikia. Betri haipo, na waya zimetafunwa na panya.

Uzoefu wangu unaishia kwenye pikipiki: plagi, kabureta, cheni, basi. Nilichopanga ni kulifungua lote ibaki chasi tupu, nipige msasa na rangi kila kipande, halafu nilirudishie taratibu huku nikibadilisha vilivyochoka. Naomba mnisahihishe kabla sijashika spana.

Mchunguliaji

Picha mkuu! Ngoja niweke kiti hapa, najua Mzee Spana hawezi kuuacha uzi huu upite.

Mzee Spana

Hiyo spana iache hapohapo kijana.

Kwanza hongera, umepata chuma. Hiyo 100 ilitengenezwa kuanzia 1963 mpaka 1965. Giaboksi na difu yake vimetokana na Farmall Cub, trekta la shamba lililoingia sokoni 1947, ndiyo maana nyuma ni zito kuliko unavyotarajia. Injini ni Kohler ya silinda moja, 391 cc, nguvu za farasi 10, bloku la chuma cha kusubu, valvu za pembeni. Hakuna mkanda unaopeleka nguvu kwenye magurudumu. Kuna shafti inayopita katikati ya miguu yako, yenye klachi juu yake, inapeleka nguvu kwenye gia 3 za mbele na moja ya nyuma. Ni mashine ya kulima, wala usiichanganye na vile vitrekta vya kukatia nyasi vyenye ekseli nyembamba.

Sasa turudi kwenye mpango wako. Matrekta ya aina hii yanayouzwa yakiwa ndani ya ndoo na maboksi ni mengi mno. Boneti inang'aa, mwenyewe hajui bolti ipi ni ya wapi, na hamu imeshakwisha. Lakini hata ukiwa na subira ya kumaliza, bado nakukatalia, kwa sababu ukilifungua leo hujui linaumwa nini. Gia ya pili inaruka? Klachi inateleza? Difu inalia? Sili ya ekseli inavuja likipata moto? Hayo yote yanaonekana trekta likiwa zima na linatembea. Vipande vilivyopangwa mezani havikuambii kitu. Utapaka rangi, utafunga, utawasha, na oili itatiririka juu ya rangi mpya. Utafungua tena yaleyale.

Lifanye liwake. Likiwaka, lifanye litembee na lisimame. Lipe kazi nyepesi msimu mmoja huku ukiandika kila linachokulalamikia. Ukija kulifungua baada ya hapo, unafungua unachokijua.

Kazi yako ya leo ni ya macho na simu. Piga picha kila waya na kila fimbo. Zaidi ya vyote piga picha springi ya gavana (kidhibiti mwendo wa injini) na vijifimbo vyake kwenye kabureta, ionekane vizuri imeingia kwenye tundu lipi, kwa sababu mkono ule una matundu kadhaa na ukikosea tundu injini inabadilika tabia. Kisha legeza bolti ya kumwagia chini ya giaboksi la nyuma, polepole, na uangalie kinachotangulia kutoka. Kwenye trekta hizi maji hupenda kupenyea pale juu kwenye mpira wa mkono wa gia, yakazama chini ya oili. Yakitoka maji matupu au oili nyeupe kama uji, usilisogeze kabla hujasafisha.

Mama Gereji

Mzee kamaliza upande wa nyuma, mimi nishike injini, maana hapo ndipo wengi huvunja vitu.

K241 ina konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ya aluminiamu inayozunguka moja kwa moja juu ya krenki, haina beringi za kubadilisha. Ukichomeka bomba refu kwenye spana ukalazimisha, konrodi ndiyo itakayosalimu amri kwanza. Kwa hiyo nguvu weka kando.

Toa plagi. Changanya ATF (oili ya giaboksi otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu, mimina mpaka kilale juu ya pistoni. Asetoni inawaka upesi, fanyia kazi nje, mbali na moto na cheche. Acha siku kadhaa, kikishuka ongeza. Halafu shika puli ya mbele kwa mikono miwili, sukuma kidogo kulia, kidogo kushoto. Usitafute mzunguko mzima, tafuta kutikisika. Ikitikisika hata upana wa ukucha, umeshinda. Endelea kuiloweka na kuitikisa.

Ikigoma kabisa, fungua silinda hedi. Usiogope, injini ya valvu za pembeni hedi yake ni kifuniko chenye mapezi tu, ndani hamna valvu wala kemu. Ukiitoa unaona kila kitu: pistoni, ukuta wa silinda, valvu zote mbili. Mara nyingi utakuta valvu moja ilibaki wazi trekta lilipoegeshwa, unyevu ukaingia, na kutu ikajenga pete pale ringi zilipolala. Futa ile kutu iliyo juu ya pistoni kwa msasa laini na oili kabla ya kujaribu kuisogeza. Kisha tafuta kipande cha mbao ngumu cha mviringo, chembamba kidogo kuliko silinda (kipenyo chake ni 82.5 mm), kiweke juu ya pistoni ugonge taratibu.

Sharti moja: kama pistoni iko juu kabisa au chini kabisa, usigonge. Hapo konrodi na krenki vimenyooka, pigo halina pa kwenda zaidi ya kupinda kitu. Hapo ni kuloweka na kusubiri.

Valvu iliyojam nayo usiichomoe kwa koleo. Loweka shina lake, izungushe, igonge kidogo irudi chini, uinue, urudie mpaka icheze yenyewe.

Ikishaachia, zungusha kwa mkono plagi ikiwa nje, na usimame pembeni ya tundu, maana kile kimiminika kitaruka. Ukipiga stata plagi ikiwa imefungwa na kimiminika kimo ndani, hakigandamiziki, utavunja. Halafu mwaga oili yote ya injini hata kama inaonekana nzuri, kwa sababu asetoni na ATF vimeshapita kwenye ringi na kushuka chini. Weka SAE 30 mpya.

Rangi Mbili

Mzee Spana shikamoo. Nakuheshimu lakini leo nitakupinga kidogo.

Huwezi kukagua kitu kilichofunikwa na tope la grisi la miaka mingi. Nyufa za chasi, bolti zilizokatika, pini zilizokula matundu, vyote vimejificha humo. Mtu akianza kuwasha na kuendesha bila kusafisha, anaendesha asichokijua. Mimi trekta likiingia kwangu linavuliwa.

Mzee Spana

Marahaba. Kusafisha sijakataa. Akwangue grisi, apige mafuta ya taa na brashi, aoshe, akague. Ninachokataa ni kuvua. Wewe una nafasi, una meza, una makopo yenye majina na umeshafungua mengi. Huyu ndugu ni trekta lake la kwanza.

Rangi Mbili

Hapo kwenye kuosha tumekutana. Niongeze tu: asipige maji ya presha kwenye kabureta, dainamo, wala kwenye mpira wa gia. Na stika zilizobaki azipime kabla hazijaguswa, umbali kutoka ukingo wa boneti, kimo, kila kitu, na picha zenye rula pembeni. Siku akitaka kuzirudisha hatakuwa na pa kukisia.

Jembe Butu

Mrejesho wakuu.

Giaboksi lilitoa maji kama kikombe kisha oili ya rangi ya maziwa. Nimemwaga yote, nimesuuza kwa dizeli, nimeweka mpya.

Injini imeachia! Mama Gereji ulikuwa sahihi kabisa, ilibidi nifungue hedi. Valvu ya moshi ilikuwa imeganda ikiwa wazi. Ukuta wa silinda una alama ya pete ya kutu lakini ukucha haukwami ukipita juu yake. Sasa inazunguka kwa mkono.

Gasketi mpya ya hedi nimepata. Bolti nakaza kiasi gani? Na je, kabla sijarudishia, kuna la kufanya hapo? Nimeweka pia betri kujaribu cheche, plagi haitoi chochote.

Mama Gereji

Hedi ikiwa wazi pima nafasi za valvu, injini ikiwa baridi. Ya kuingiza inchi 0.008 hadi 0.010, ya moshi inchi 0.017 hadi 0.020. Kwenye K241 tapeti (vijiti vinavyosukuma valvu) zina nati za kurekebishia, una bahati. Kwenye ndugu zake wadogo, K161 na K181, inabidi usage shina la valvu. Kwangua masizi kwenye hedi na juu ya pistoni kwa kitu cha mbao au plastiki. Weka hedi kifudifudi juu ya kioo chenye msasa uone kama imepinda. Kama imepinda kidogo, isugue hapohapo kwa mizunguko mpaka iguse kote.

Gasketi ya zamani usiisugue ikiwa kavu wala kuipuliza kwa upepo wa kompresa. Gasketi, lainingi za breki na sahani ya klachi za miaka ile zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha, toa, funga kwenye mfuko.

Kukaza: futi-pauni 25 hadi 30, yaani kama Nm 34 hadi 41. Usikaze moja mpaka mwisho. Zikaze zote kidogo kwa kukingama, kisha rudia kwa awamu. Injini ikishapata moto na kupoa tena, pitia upya.

Kuhusu mgandamizo, usikimbilie geji. Nyingi za familia hii zina kifaa kinachoinua valvu ya moshi kidogo wakati wa kupiga stata ili injini izunguke kirahisi, kwa hiyo geji itakuonyesha namba ya kutisha wakati injini ni nzima. Izungushe kwa mkono kinyume na mwendo wake, kwa nguvu ya ghafla. Ikikurudishia kwa kishindo, ina mgandamizo wa kutosha kuwaka.

Waya Mmoja

Cheche ni idara yangu.

Mfumo wako ni wa betri, koili, kontakti na kondensa. Kontakti ziko ubavuni mwa bloku chini ya kifuniko kidogo, zinasukumwa na kijiti chembamba kinachotoka kwenye kemu. Trekta likikaa miaka, kontakti hujifunika utando usioonekana kwa macho na umeme haupiti. Nadhani mgonjwa wako ni huyo.

Washa swichi, weka taa ya kupimia kwenye koili upande unaoingia umeme. Haiwaki? Tatizo ni swichi au waya waliotafuna panya. Inawaka? Hamia upande wa pili wa koili, ule unaokwenda kwenye kontakti, na zungusha injini kwa mkono. Taa inatakiwa iwake kontakti zikifunguka na izime zikifunga. Ikibaki inawaka muda wote, kontakti hazifungi umeme: zipitishie tupa nyembamba safi, kisha vuta kipande cha karatasi kavu katikati yake mpaka kitoke cheupe. Ikibaki imezima muda wote, kuna waya unagusa bodi au kondensa imekufa.

Nafasi ya kontakti zikiwa wazi kabisa ni inchi 0.020, takriban nusu milimita. Hiyo inatosha kuwasha. Taimingi sahihi utaipata baadaye kwa kuangalia alama ya S kwenye flaiwili: kontakti zinatakiwa zianze kufunguka alama inapofika kwenye tundu la kuchungulia. Plagi iache inchi 0.035.

Kitu kingine ambacho huenda hukijui. Hiyo silinda kubwa pembeni ya injini yenye mkanda ni stata na dainamo kwa pamoja. Ukibonyeza, inazungusha injini; injini ikiwaka, inachaji betri. Ikikaa sana, au ukibadilisha regyuleta, inaweza kupoteza kumbukumbu ya upande gani ni chanya. Kabla ya kuwasha, betri ikiwa imefungwa, gusisha waya kwa nukta moja tu kati ya BAT (betri) na GEN (dainamo) kwenye regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti chaji. Utaona cheche ndogo, ondoa. Bodi ni hasi, betri ni volti 12, usigeuze.

Na waya zote zilizotafunwa zibadilishe, usizungushie selotepu. Waya mnene wa stata usafishe pande zote mbili na pale unapofungwa kwenye chasi ukwangue mpaka chuma kiwe cheupe. Nusu ya "stata mbovu" ninazoletewa ni kutu chini ya bolti ya bodi.

Mchunguliaji

Nimejifunza zaidi hapa kuliko nilivyotarajia. Swali la pembeni: hilo tangi linalonuka vanishi, si alichomelee tundu, asafishe, azibe tena?

Mzee Spana

ASITHUBUTU. Tangi la petroli halichomelewi na mwanafunzi, hata likiwa limekaa tupu miaka. Mvuke uliobaki kwenye kutu unatosha kulipua.

Alitoe, amwage kilichomo, aingize nati na kipande cha mnyororo mwembamba pamoja na maji ya sabuni, alitikise mpaka mikono ichoke. Asuuze, akaushe kabisa, arudie. Mipira ya petroli yote mipya, na chujio aweke. Akilijaribu trekta mara ya kwanza, atumie chupa ndogo ya petroli safi iliyoning'inizwa juu ya kabureta, tangi lisubiri.

Kabureta: sindano mbili za kurekebisha, moja ya mwendo wa kazi na moja ya mwendo wa chini. Azifunge kwanza taratibu huku akihesabu mizunguko, aandike, ndipo azitoe. Matundu yasafishwe kwa dawa na waya laini wa shaba; asiingize kekee, tundu likipanuka kabureta imekwisha. Kurudishia: ziguse mwisho kwa vidole viwili tu, kisha ya kazi irudi mizunguko 2 hivi, ya mwendo wa chini mmoja na nusu. Mengine atayarekebisha injini ikiwa na moto.

Jembe Butu

WAKUU LIMEWAKA. Kontakti ndizo zilikuwa zinagoma, karatasi imetoka nyeusi tii. Limewaka, likatoa moshi mweupe kama tanuru, kisha likatulia.

Lakini nikisogeza akseleta kidogo linapanda mwendo lenyewe, linanguruma mpaka naogopa. Nimelizima haraka.

Mama Gereji

Umefanya vema kulizima, na usiliwashe tena mpaka gavana lieleweke. Kikomo cha injini hiyo ni mizunguko 3600 kwa dakika. Ikivuka hapo bila kizuizi, konrodi ya aluminiamu inakatika na kutoboa bloku, na flaiwili ya chuma cha kusubu nayo si kitu cha kukaa karibu nacho ikipita mwendo wake.

Fungua picha ulizopiga siku ya kwanza. Linganisha fimbo inayotoka kwenye mkono wa gavana mpaka kwenye kipepeo cha kabureta, na springi iko tundu lipi. Kisha injini ikiwa imezimwa, sogeza kwa kidole: kipepeo kinatakiwa kitembee kutoka wazi hadi kufungwa bila kukwama popote. Kikikwama, shafti ya kipepeo ina uchafu au fimbo imepinda.

Kama hivyo vyote viko sawa, weka upya mkono wa gavana kwenye shafti yake. Legeza nati inayoukaza, vuta mkono upande wa mbali na kabureta mpaka mwisho, shika ncha ya shafti kwa koleo uizungushe kinyume na saa mpaka igome, kaza nati hapohapo.

Ukiwasha tena, mwenzako asimame kwenye swichi na wewe mkono wako uwe karibu na choki.

Jembe Butu

Springi ilikuwa tundu la tatu, picha inaonyesha la pili. Nimerudisha, sasa inatii. Asante mama.

Limetembea pia! Gia zote zinaingia. Klachi inashika ghafla na inapiga kelele nikikanyaga. Na usukani bado.

Mzee Spana

Kelele ukikanyaga ni rilizi beringi, imekauka. Kushika ghafla kunaweza kuwa sahani ina kutu au oili. Kabla hujaitoa, angalia ile shafti inayotoka kwenye injini: imefungwa kwa pini zinazopita katikati, na kwa umri huu pini hizo hula matundu yakawa yai. Shika shafti uizungushe kwa mkono mbele na nyuma. Ikicheza kabla haijashika, matundu yameliwa, na hiyo ndiyo hufanya klachi igonge. Dawa ni pini nene zaidi baada ya kupitisha kekee ya kipimo, au shafti nyingine.

Klachi ikitoka, ile springi kubwa iliyobanwa ni ya kuheshimu. Ibane kwa klampu kabla hujachomoa pini, la sivyo itarukia uso wako.

Usukani: giaboksi lake lina kijiti chenye ncha ya koni kinachotembea kwenye mfereji wa skrubu. Koni huisha upande mmoja. Kuna nati na skrubu ubavuni. Kaza kidogokidogo magurudumu yakiwa yamenyooka, mpaka mchezo upungue lakini usukani uzunguke bila kukaza popote. Ikishindikana fungua, kijiti kigeuzwe upande ambao haujaliwa. Jaza grisi laini, ile ngumu hukaa pembeni na kuacha mfereji mkavu. Kabla ya hayo yote lakini, inua mbele kwa jeki na utikise magurudumu. Kama mchezo mwingi uko kwenye ncha za fimbo za usukani na pini ya katikati ya ekseli, utakuwa unalilaumu giaboksi bure.

Mchunguliaji

Na kutu ya rimu na vibati vidogo? Nimesikia kuna njia ya umeme.

Waya Mmoja

Ipo na ni nzuri. Ndoo ya plastiki, maji, magadi ya kufulia kijiko kikubwa kwa kila lita 4 hivi, na chaja ya betri ya volti 12. Kipande chenye kutu kinafungwa kwenye HASI. Chanya inakwenda kwenye chuma chakavu unachokubali kipotee. Visigusane. Ukigeuza, kibati chako ndicho kitakacholiwa.

Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, maji yanakuwa na sumu ya kromiamu. Usiingize aluminiamu, magadi yanaitafuna. Fanyia nje, ile povu ni haidrojeni na inalipuka, kwa hiyo zima chaja kwanza ndipo uguse waya. Ukitoa kipande, suuza, kausha, paka praima siku hiyohiyo maana kutu inarudi mbele ya macho yako.

Rangi Mbili

Na kwa kuwa praima imetajwa, niseme langu kabla Jembe Butu hajaenda dukani.

Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi. Piga msasa wa maji, vaa barakoa ya vumbi, watoto wasiwe karibu. Mchanga wa presha usiupeleke kwenye boneti, bati linapinda, na kamwe usiupige karibu na injini iliyofungwa. Punje moja ikiingia kwenye silinda unajua mwisho wake. Kwa anayeanza, chagua enameli ya kawaida isiyo na hadina (dawa ya kugandisha rangi). Zile za kuchanganya hadina zinapendeza, lakini mvuke wake unataka vifaa vya kupumulia ambavyo huna.

Mapezi ya silinda na hedi yapate rangi nyembamba sana ya kuhimili joto, au yabaki hivyo. Rangi nene inazuia joto kutoka. Na zile sehemu Waya Mmoja alizosema za kufunga bodi, ziba kwa tepu kabla ya kupuliza. Trekta jipya la rangi lisilopiga stata, tazama hapo kwanza.

Nakiri pia kwamba kama njano yako bado ipo nusu, mimi nisingeigusa. Iosheni, ipakeni nta. Rangi ya kiwandani haipakwi mara mbili.

Jembe Butu

Nimeshawishika, boneti naiosha tu. Rimu ndizo nitapaka.

La mwisho kwa leo. Likishapata moto kuna moshi wa bluu, si mwingi, na oili inapungua. Ndiyo kusema niovahoo injini?

Mama Gereji

Bado. Kwanza hakikisha hujajaza oili kupita alama. Pili, fungua kifuniko cha valvu ubavuni, humo kuna bamba jembamba la kupumulia linaloruhusu hewa itoke na kuizuia isirudi. Likiwa chafu au limefungwa kinyume, presha inajaa chini na oili inasukumwa juu kwenye silinda. Lisafishe, lirudishe kama lilivyokuwa, weka gasketi mpya.

Moshi ukiendelea, liendeshe kwanza saa kadhaa likiwa na kazi. Ringi zilizolala kwa miaka huachia zikipata joto. Angalia kijiti cha oili kila unapowasha, kila siku bila kuruka, kwa sababu injini hii inalainishwa kwa kijiko kilicho chini ya konrodi kinachorusha oili. Ikipungua, kijiko kinachota hewa, na mteremkoni ndiyo kabisa.

Ukimaliza yote hayo na bado inakula, ndipo tupime silinda juu, katikati na chini, kwa urefu na kwa upana. Pistoni za oversaizi zipo za 0.010, 0.020 na 0.030. Usinunue yoyote kabla fundi wa mashine hajakuambia silinda yako itasafika kwenye ipi. Leta vipimo hapa.